Nyama inapokufa mwilini: Kidole cheusi cha mgonjwa wa kisukari kinaanzia wapi?



Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, alirudi nyumbani kutoka sala ya Ijumaa, na mkewe akaona matone ya damu sakafuni. Akayafuata mpaka barazani, akamvua mzee kandambili, akakuta msumari mdogo umepenya soli na ncha yake imechomoza ndani. Mzee alikuwa amekwenda nayo msikitini, akaivua mlangoni, akaivaa tena, akarudi nayo nyumbani. Kila hatua msumari ulimchoma chini ya kidole gumba, naye hakuhisi kitu.

Msumari ukang'olewa, kidonda kikapakwa dawa, maisha yakaendelea. Wiki ya pili kidole kilianza kuwa na rangi ya zambarau, kisha kikawa cheusi. Daktari alipokiona alisema kikatwe. Watoto wakakaa kikao. Wakasema baba halalamiki maumivu, na kitu kisichouma hakiwezi kuwa kibaya kiasi cha kukatwa. Wakatafuta majani ya kukanda. Siku ya kumi tangu kikao kile, mzee alipelekwa hospitali akitetemeka kwa homa na akisema maneno yasiyoeleweka. Safari hii daktari hakuzungumzia kidole tena, alizungumzia mguu, chini ya goti.

Watoto wale si wajinga wala si wakatili. Walikosa jibu la maswali ambayo familia nyingi hujiuliza zikiwa hospitalini: kwa nini nyama iwe nyeusi, kwa nini isiume, na kwa nini sindano zisiirudishe katika hali yake? Katika makala haya tutajaribu kuyajibu, na kwa ajili hiyo inatubidi tuanze mbali kidogo, ndani ya seli.

Jahazi linalovuja

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, ambazo baadhi ya vitabu huziita chembe hai. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Nje ya utando huo kuna maji yenye chumvi nyingi ya sodiamu, na ndani sodiamu ni kidogo. Wakati wote sodiamu hutaka kuingia ndani, na inapoingia huvuta maji pamoja nayo. Seli isizame, utando wake una pampu ndogo sana zinazoirudisha sodiamu nje bila kupumzika. Mfano wake ni jahazi linalovuja. Halizami, si kwa sababu halina tundu, bali kwa sababu mabaharia wanakumba maji usiku na mchana.

Mabaharia hao lazima wale. Chakula chao ni nishati ambayo sehemu kubwa hutengenezwa na viungo vidogo vya ndani ya seli viitwavyo mitokondria, kwa kutumia vyakula kama sukari na mafuta, pamoja na oksijeni inayoletwa na damu. Sasa hebu tuchukulie kwamba mshipa wa damu umeziba. Oksijeni inakatika. Kwa muda mfupi seli hujaribu kujikimu kwa kuunguza sukari bila oksijeni, lakini njia hiyo hutoa nishati kidogo na huacha tindikali. Nishati inapungua, pampu zinalegea, sodiamu na maji vinaingia, na seli inavimba.

Hadi hapo mambo bado yanaweza kurekebishika. Damu ikirudi mapema, mabaharia hupata nguvu, maji yakatolewa, na seli ikaendelea na kazi zake. Hili ni jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba kati ya seli kuumia na seli kufa kuna muda, na kazi kubwa ya daktari wa dharura ni kuuwahi muda huo.

Ukipita, madini ya kalsiamu nayo hufurika ndani ya seli. Kalsiamu huamsha vimeng'enya ambavyo huanza kukata kata protini, mafuta ya utando na hata kiini chenye maelekezo ya urithi. Ndani ya seli pia mna vifuko vilivyobeba vimeng'enya vya kumeng'enya taka, navyo hupasuka na kumwaga vilivyomo. Kiini hujikunja, huvunjika vipande, mwisho huyeyuka. Utando wa nje ukishachanika, yaliyokuwa ndani yanamwagikia jirani. Hapo seli imekufa na hairudi tena. Hali hiyo kitaalamu huitwa nekrosisi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya maiti.

Isichanganywe na kifo cha kawaida cha seli. Kila siku mwilini mwako seli nyingi mno hufa kwa utaratibu: hujikunja, hujigawa vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli nyingine huvila bila vurugu yoyote. Mtoto tumboni hupata vidole vilivyotengana kwa sababu seli za ngozi iliyokuwa baina yake ziliagizwa zife. Kifo cha namna hiyo huitwa apoptosisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1972, na mwaka 2002 wanasayansi watatu, Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston, walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi kinavyoongozwa na vinasaba. Tofauti ya vifo hivi viwili ni kama tofauti ya mtu aliyehama nyumba akafunga mizigo yake, na nyumba iliyobomoka ikawaangukia majirani. Katika nekrosisi uchafu humwagika, askari wa mwili katika damu hukimbilia hapo, na sehemu inayozunguka nyama iliyokufa huvimba, huwa nyekundu na hupata joto.

Kila kiungo na muda wake

Seli hazilingani kwa uvumilivu. Za ubongo zikikosa oksijeni kabisa huanza kufa baada ya dakika 4 au 5 hivi. Misuli ya moyo huweza kustahimili kiasi cha dakika 20 hadi 40 kabla ya kuharibika moja kwa moja. Misuli ya mguu hustahimili kiasi cha saa 4 hadi 6. Ndiyo maana mtu aliyepatwa na kiharusi au shtuko la moyo hatakiwi kusubiri kupambazuke.

Hata sura ya nyama iliyokufa hutofautiana. Sehemu ya moyo iliyokufa hubaki na umbo lake kwa muda, lakini protini zake zimeganda kama ute wa yai lililochemshwa. Ubongo haugandi, huyeyuka kama uji na kuacha shimo. Mapafu yenye kifua kikuu hupata madonge meupe yanayofanana na jibini. Na mgonjwa wa selimundu mara nyingi huanza kuchechemea akiwa kijana, kwa sababu mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa nyonga imezibwa na seli zilizopinda, na mfupa umekufa kwa ndani ilhali ngozi ya juu haina hata alama. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu anayelalamika maumivu ya nyonga kila siku asiyachukulie kuwa ni yale yale ya kawaida.

Si ukosefu wa damu pekee unaoua seli. Moto, tindikali, sumu na vijidudu navyo huua. Dozi kubwa ya parasetamoli, dawa iliyomo karibu katika kila kabati, huua seli za ini. Kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kuna watu ambao hata hicho kwao ni kingi. Sumu ya kifutu na ya swila hula nyama pale ilipoingia. Wengi wetu bado hufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha la nyoka ili sumu isipande. Kamba hiyo huongeza msiba juu ya msiba, kwa kuwa huifungia sumu mahali pamoja na wakati huo huo huinyima nyama damu. Mhoga aliyefunga banzi la mfupa uliovunjika likakaza mno anaweza kuleta matokeo hayo hayo. Mtoto akilia kwamba vidole vinamuuma au vimekufa ganzi, banzi lilegezwe saa ile ile, lisisubiri ruhusa ya aliyelifunga.

Kisukari kinavyoandaa njia

Turudi kwa mzee wetu. Sukari inapokuwa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya aina mbili. Kwanza, mishipa ya fahamu. Ile mirefu inayofika vidoleni ndiyo huumia mapema, kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni na kupanda juu kama mtu anayevaa soksi. Mgonjwa husema anahisi kama anatembea juu ya pamba. Ngozi ya nyayo nayo hukosa jasho, hukauka na kupata mipasuko. Pili, mishipa ya damu. Kuta zake huwa nene na hujaa mafuta, damu inayofika mguuni hupungua. Anayevuta sigara huongeza kasi ya jambo hili maradufu, na hapa sina lugha ya kupaka mafuta: mgonjwa wa kisukari anayevuta anaitafuta siku ya kukatwa mguu.

Mwenye mguu wa namna hiyo akichomwa na msumari hasikii, na asiyesikia hapumzishi mguu. Anaendelea kuukanyagia, seli zinabanwa kati ya mfupa na ardhi, na damu iliyokuwa kidogo inapungua zaidi. Vijidudu huingia na kukuta sukari tele, huku askari wa mwili wakiwa wachache na wazembe. Uvimbe wa maambukizi nao huibana mishipa midogo iliyobaki. Ndipo kidole kinapokufa.

Kuna msemo tunaoupenda wa panya kung'ata huku akipuliza. Tumekua tukiamini kwamba panya ana ufundi wa kupuliza ili aliyelala asisikie. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake, ambao wamefanya kazi kubwa juu ya miguu ya wagonjwa wa kisukari jijini Dar es Salaam, waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania waliong'atwa miguu na panya. Wagonjwa hao hawakupulizwa, bali miguu yao ilikuwa imekufa ganzi. Ukiona umeamka na vidole vina alama za meno, na usiku hukushtuka, tafuta mtego wa panya, lakini tangulia kwanza kituo cha afya ukapimwe sukari na miguu.

Kavu na ya majimaji

Nyama nyingi ikifa kwa pamoja huitwa gangrini, na watu wetu wengi huijumlisha katika jina la kidonda ndugu. Weusi wake una sababu. Damu iliyonasa ndani huoza, na chuma kilichokuwa katika damu hiyo huungana na gesi ya salfa inayotolewa na vijidudu, ikatokea rangi nyeusi.

Gangrini kavu hutokana na mshipa ulioziba taratibu. Kidole hunyauka, hukauka kama tende iliyosahauliwa juani, na hupata mstari unaokitenga na nyama nzima. Hii huenda polepole, na mara nyingine madaktari huiangalia kwa muda huku wakitafuta njia ya kuufungua mshipa. Gangrini ya majimaji ni habari nyingine. Hapa vijidudu vimeshatawala, mguu umevimba, ngozi ina malengelenge, harufu inatangulia mlangoni kabla ya mgonjwa, na hakuna mstari wa kutenga. Mgonjwa hana siku za kusubiri. Iko pia ya gesi, inayoletwa na vijidudu vinavyoishi katika udongo. Ukibonyeza ngozi unasikia mlio kama wa karatasi kavu, na inaweza kuua ndani ya siku moja au mbili.

Sasa tunaweza kuyajibu maswali ya wale watoto. Kidole hakiumi kwa sababu mishipa ya fahamu ilikufa kabla yake au imekufa pamoja nacho, hivyo kutouma kwake ni dalili mbaya na wala si nafuu. Sindano hazikirudishi kwa sababu dawa husafiri kwa damu, na hapo damu haifiki. Ni sawa na kupeleka barua katika kijiji ambacho njia yake imekatika. Dawa hulinda nyama iliyo hai inayopakana nacho, ila iliyokufa haiwezi kuifikia wala kuifufua. Na kinakatwa kwa sababu nyama iliyokufa ni chakula cha vijidudu kisicho na mlinzi. Kikiachwa, vijidudu na sumu zake huingia katika damu, shinikizo la damu hushuka, figo husimama, na mgonjwa huanza kuweweseka kama alivyoweweseka mzee yule. Daktari anayekata kidole leo mara nyingi anajaribu kuuokoa mguu.

Kuhusu asali, kwa kuwa najua barua zitakuja: hospitali nyingine duniani huitumia kwa baadhi ya vidonda, ile iliyosafishwa maalumu kwa kazi hiyo. Sina ugomvi nayo. Lakini asali haiwezi kufungua mshipa ulioziba wala kuihuisha seli ambayo utando wake umeshapasuka. Majivu na kinyesi cha ng'ombe ndiyo visisogezwe kabisa karibu na kidonda.

Udhu na macho

Nyumba ya Kiislamu ina nafasi ambayo nyumba nyingine haina. Miguu huoshwa mara kadhaa kwa siku. Tatizo ni kwamba wengi wetu huiosha bila kuitazama. Mgonjwa wa kisukari akipitisha kidole baina ya vidole vya mguu wakati wa udhu, aangalie pia: kuna mpasuko, lengelenge, weupe wa fangasi, rangi iliyobadilika? Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni, au aangaliziwe na mjukuu mwenye macho mazuri. Akimaliza akaushe baina ya vidole kwa kitambaa, kwani maji yanayobaki hapo hulainisha ngozi na kuwapa fangasi makazi. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine, kamwe yasipimwe kwa mguu wenyewe.

Sugu inayoota juu ya kifundo kwa ajili ya kikao cha tahiyatu nayo isidharauliwe. Kwa mtu mwenye afya haina neno. Kwa mwenye kisukari inaweza kupata ufa na kuficha usaha chini yake. Asiichonge kwa wembe wala asiipake dawa za kuunguza sugu, bali aioneshe kituoni. Viatu vikung'utwe na kupapaswa ndani na soli yake kabla ya kuvaliwa, na mlangoni pa msikiti pia wakati wa kutoka. Wanaokwenda Hija na Umra wakumbuke kwamba sakafu iliyopigwa na jua huunguza nyayo zenye ganzi bila mwenyewe kujua, basi soksi au viatu laini viwe mkononi kila wanapokwenda pasipo kivuli.

Ganzi unaweza kuipima nyumbani bila kifaa. Kipimo hiki kilitengenezwa Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011. Mgonjwa afumbe macho. Wewe mguse kwa wepesi, kwa ncha ya kidole chako cha shahada, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua, kwenye ncha ya kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu. Hiyo ni miguso 6. Aseme kila anapohisi. Akikosa miwili au zaidi, hisia zake zimepungua, apelekwe akachunguzwe hata kama hana kidonda.

Kidonda chochote mguuni kwa mwenye kisukari kionwe na mtaalamu mapema, ikiwezekana siku ile ile au inayofuata. Mguu uliobadilika rangi, uliopoa ghafla, unaonuka, uliovimba ukiwa na joto, au mgonjwa mwenye kidonda aliyepata homa, huyo apelekwe hospitali usiku huo huo. Aliyefungwa bandeji asiifungue kila sala kwa ajili ya kupitisha maji. Masheikh wana maelezo ya kupangusa juu ya bandeji na ya kutayamamu, waulizwe.

Na ikifika kwamba lazima kiungo kikatwe, familia nyingi hutaka wapewe wakakizike. Mwambieni muuguzi kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji, maana baadaye huwa vigumu kukipata.

Mzee wetu alikatwa mguu, akapona, na sasa anasali akiwa kwenye kiti. Mkewe kila usiku baada ya sala ya Isha humwambia afumbe macho, akamgusa vidole vya mguu uliobaki, kimoja kimoja. Cha mwisho hakihisi. Wameshakwenda kituoni mara mbili kwa ajili ya kidole hicho, na hakina kidonda.